Maji Chini ya Miguu ya Hooyo

Mvua ilikuwa haijaonekana Garissa tangu mwaka uliopita. Mabwawa ya nje ya mji yalikuwa yamebaki ukoko wa matope, matangi ya shule ninayofundisha yalijazwa na lori, na mahali pekee ambapo maji yalipatikana bila kuomba ni ndani ya gari langu. Sisemi kwa mzaha. Mbele, upande wa abiria, pale miguu inapokaa, kapeti ilikuwa chapachapa kila siku ya Mungu. Ukiikanyaga inafyonza kiatu. Ukiikamua unapata kikombe kizima.

Gari lenyewe lilikuwa mtumba wa mtumba. Mjapani fulani alilitumia akalichoka, dalali wa mifugo wa hapa mjini akalitumia naye akalichoka, ndipo likaangukia mikononi mwangu. Lilikuwa bado linanisalimu kwa Kijapani kila nikiliwasha, sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi, na mimi nilimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nililichagua kwa sababu limeinuka vya kutosha kupita kwenye mchanga, na kwa sababu kiyoyozi chake kilipuliza baridi ya kweli, si ule upepo wa vuguvugu wa magari ya wenzangu. Baridi hiyo sikuitaka kwa ajili yangu. Nilimtakia Hooyo, mama yangu, ambaye joto humpandisha presha.

Nililinunua kwa ajili ya safari moja tu. Dada mkubwa wa Hooyo, mama yangu mkubwa, habaryar kama tunavyosema nyumbani, alikuwa mgonjwa huko Hulugho, karibu na mpaka. Alikuwa ameletwa hospitali ya Garissa, akapimwa, akapimwa tena, kisha yeye mwenyewe akasema inatosha, arudishwe kwake kwa mbuzi wake. Yeye ndiye aliyemlea Hooyo tangu mama yao alipofariki. Sasa kila simu iliyotoka Hulugho ilisema jambo moja, kwamba anamuulizia mdogo wake. Tulikuwa katika jilaal, kile kiangazi chetu kirefu kinachokausha kila kitu, na baada yake huja mvua ya gu. Gu ikishuka, barabara ya kupita Masalani na Ijara inageuka tope jeusi linalokamata magurudumu, na hakuna gari dogo linalopita. Kwa hiyo tulitakiwa kwenda kabla ya mvua na kabla ya lile lingine ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina.

Siku ya kwanza nilimpandisha Hooyo tukaenda sokoni tu, ajaribu kiti. Aliposhuka, upindo wa dera lake ulikuwa umelowa. Akauinua, akaunusa, akaniuliza kama yule dalali alikuwa akibeba mbuzi humu ndani. Nikamwambia kila mtu hapa anabeba mbuzi. Akasema basi haya si maji, na hata kama ni maji hajui ni maji gani, na nguo iliyoguswa na kitu asichokijua haswali nayo. Kutoka Garissa hadi Hulugho kuna swala za njiani. Akaingia ndani kubadilisha, na mlango wa chumba chake ukafungwa kidogo kwa nguvu.

Nilimweleza kwamba wale mbuzi walishuka kwenye gari lile miezi mingi kabla sijalinunua, na kwamba sijawahi kusikia mbuzi akikojoa mahali ambapo hayupo. Halikumchekesha. Nikamwambia akae nyuma. Nyuma anatapika, na tena nyuma ndiko mbuzi walikokuwa. Nikamwambia nitandike nailoni. Maji yatapita juu ya nailoni. Nikamwambia abebe dera jingine. Alibadilishe wapi, mbele ya askari wa kizuizi? Binamu yangu ana gari kubwa la kwenda Ijara karibu kila juma, nikasema tumlipie nafasi ya mbele. Binamu anatafuna miraa na anapiga muziki. Basi la abiria? Magoti yanamuuma. Kila nilipofungua mlango mmoja yeye alikuwa ameshafika mbele yangu kuufunga, na mimi, ambaye darasani husifiwa kwa uvumilivu, nilikuwa nikitoka nje ya nyumba nikizungumza peke yangu.

Nikalipeleka gari kwa fundi. Gereji yake iko nyuma ya soko la mifugo, turubai moja na jeki mbili, na ni mtu mchangamfu. Sote ni Wasomali, yeye wa Wajir na mimi wa hapa hapa, lakini akiniona tu anaacha Kisomali anahamia Kiswahili chake, ambacho p hugeuka b, kwa sababu mimi ni mwalimu wa Kiswahili na yeye anaamini kwamba hiyo ni heshima. Akaweka kiganja kwenye kapeti, akakitazama, akasema ni mvua. Nikamuuliza mvua gani. Akatazama juu, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua, na wala hakuona haya.

"Mfua haijakuja, ni kweli," akasema. "Lakini itakuja, mwalimu, na itabita hapa kwa kioo."

Akapaka silikoni kuzunguka kioo chote cha mbele. Nilikuwa na gari linalovuja leo, na yeye alikuwa akilitibu mvua ya mwezi ujao. Nikarudi nyumbani saa sita mchana na kapeti ikawa imelowa kama kawaida.

Nikarudi. Safari hii alisema ni raba za milango, na kusema kweli zilikuwa zimepasuka kwa jua. Akabadilisha za upande wa abiria, kisha akaniita asubuhi na mapema nije nishuhudie. Alikuwa ameazima mpira wa maji kwa jirani yake anayeosha malori. Akalimwagia gari maji juu, pembeni, kwenye kioo, kwenye milango, maji ambayo watu wa mtaa mzima walisimama kuyaangalia yakipotea mchangani. Mimi nilikaa ndani nikiwa nimeinama, mkono sakafuni. Halikuingia hata tone. Akafungua mlango akicheka, akasema, "Umeona? Gari imebona." Nikaendesha hadi shule, nikafundisha, nikatoka adhuhuri kwenda kumchukua Hooyo kliniki, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa amekunja miguu juu ya kiti bila kunitazama.

Mara ya tatu fundi aliingia chini ya gari. Mafundi wetu adui yao wa kwanza ni vumbi. Gari likiletwa Garissa, kabla ya kitu kingine watu hutaka lizibwe chini, kwa sababu barabara zetu zinaingiza vumbi kila upenyo na hatimaye unakuta mchanga hata kwenye mfuko wa koti. Akaniambia kule chini kuna matundu mengi yasiyo na kazi, Wajapani wanapenda matundu. Akayaziba yote. Akatoka na silikoni hadi kwenye ndevu, akaniapia kwamba sasa hakuna kitakachoingia.

Baada ya hapo maji yakazidi. Kabla ya hapo kapeti ilikuwa inalowa, sasa ilikuwa inaelea. Nikikata kona nilisikia maji yakihama kutoka upande huu kwenda upande ule. Na harufu ikaanza, ile ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo, ikampa Hooyo ushahidi mpya dhidi ya mbuzi. Nililia siku hiyo, nikiwa nimeegesha nje ya ofisi za kaunti, nikiwa na madirisha yamefungwa ili mtu asinione. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilitamani kuliacha pale na funguo zikiwa ndani.

Chumba cha walimu nacho kilikuwa na maoni yake. Kila mwenzangu aliuliza swali lile lile: umebeba nini? Mmoja alisema ni jerikeni inayovuja. Mwingine alisema ni birika la udhu, kwa sababu kila gari la kwetu lina kibirika cha plastiki cha udhu na haja nyingine chini ya kiti, na vifuniko vyake havina maana. Mwingine akashuku maziwa ya ngamia. Nikatoa kila kitu kwenye gari, birika, chupa, kitambaa cha kufutia vioo, hata dua iliyobandikwa na dalali nikaibandua kwa upole nikaipeleka ndani. Maji yakaendelea. Na hapo ndipo ninapokasirika hata leo nikikumbuka, maana sote tulikuwa tumekosea kwa namna moja. Kwetu maji hayaji yenyewe. Yanachimbwa, yanatekwa, yanabebwa na punda, yanaletwa na lori kwa foleni na ugomvi. Mtu wa Garissa akiona maji mahali, hawezi kufikiri kwamba yamejitengeneza. Anauliza ni nani aliyeyaweka.

Kisha simu ikaja kutoka Hulugho, mtoto wa habaryar akisema kwamba mama yake haketi tena, analala upande mmoja, na chai ananyweshwa kwa kijiko. Hooyo alisikiliza, akasema alhamdulillahi, akakata simu, akaendelea kuchambua mchele. Nikamwambia twende kesho. Akasema gari lina najisi. Nikamwambia Hooyo, nimelitengeneza mara tatu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, maji hayo yana rangi gani.

Sikumwelewa. Akarudia polepole, kama alivyotufundisha tukiwa watoto kabla hatujapelekwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Maji hutazamwa mambo matatu, rangi, ladha na harufu. Yasiyobadilika hayo ndiyo maji. Akasema nimekuwa nikimletea habari za fundi na silikoni na raba, lakini hilo dogo ambalo mtoto wa chuoni angeliuliza kwanza hajalisikia kutoka kwangu. Nikamwambia yananuka, anajua mwenyewe. Akasema kinachonuka ni kapeti. Maji yenyewe, kabla hayajagusa kapeti, yakoje?

"Unataka nionje maji ya gari?" nikamuuliza.

"Sikukutuma uonje," akasema. "Nimekuuliza yakoje."

Nilitoka kwa kishindo. Nikang'oa kapeti upande ule, nikaitupa juani juu ya ua wa miiba, nikafuta bati la sakafu mpaka likakauka kabisa. Nilitaka nimletee jibu la kumnyamazisha. Ilikuwa mchana, jua la utosini, na ndani ya gari hapakaliki, kwa hiyo nikaliwasha na kufungulia kiyoyozi hadi mwisho. Nikalala kifudifudi, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, kikombe cha chai mkononi. Sauti ya Kijapani ikanisalimu. Nikayangoja hayo maji yenye kiburi.

Hayakukawia. Tone lilitokea juu, nyuma ya plastiki nyeusi, likaning'inia, likaanguka. Kisha jingine. Baadaye yakawa mfululizo, na kikombe kikaanza kujaa. Nikakitoa nje kwenye mwanga. Hayakuwa na rangi. Maji ya rejeta ya gari lile niliyajua, ni ya kijani, kwa hiyo si ya rejeta. Nikanusa, hayakuwa na harufu, kwa hiyo mbuzi wametoka katika kesi. Kwa ukaidi nikachovya kidole nikagusa ulimi. Hayakuwa na ladha hata ya chumvi, na maji yetu yote ya visima yana chumvi. Yalikuwa baridi, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Katika jua lile, maji baridi yanatoka wapi?

Nikarudi chini. Nikakizima kiyoyozi ili nisikie vizuri, na baada ya muda matone yakapungua, yakakoma. Nikadhani yamekwisha. Nikakiwasha, nikasubiri, yakarudi. Nikakizima tena. Nilikuwa nimeanza kuelewa, lakini kilichonimalizia kazi ni mbuzi. Jirani yetu mfanyabiashara alikuwa ameegesha gari lake ng'ambo ya njia, injini ikiunguruma na yeye yuko ndani anazungumza na simu kwenye ubaridi wake. Mbuzi wa mtaa walikuwa wamejipanga chini ya gari lake, shingo zimeinama, wanalamba. Kuna kidimbwi pale. Kila gari lenye kiyoyozi mjini kwetu huacha kidimbwi linaposimama, na mbuzi wanajua, na ndege wanajua. Nimeliona jambo hilo maisha yangu yote. Nikainama kuangalia chini ya gari langu. Mchanga ulikuwa mkavu kabisa.

Kiyoyozi kinanyonya unyevu wa hewa, unageuka maji juu ya vibomba vyake vya baridi, kama vile glasi ya soda inavyotoka jasho mezani. Maji hayo hupita kwenye kipira kidogo yakamwagika nje, chini ya gari. Na kule chini ya gari langu mtu alikuwa ameniapia kwamba hakuna kitakachopita.

Nilifika gereji na kapeti haipo na adabu haipo. Nikamwambia fundi anionyeshe kipira cha kutolea maji ya kiyoyozi. Akaanza kuniambia habari za mvua. Nikamwambia ingia chini. Akaingia, nikasikia akipapasa, akanyamaza. Fundi huyu hanyamazi hata akiwa amebana misumari kwa meno. Kisha nikasikia akikwangua, akiomba waya, na ghafla maji yakamwagika, mengi, yakamlowesha uso na kifua. Akajiburura nje, mkononi ana kidonge cha silikoni kilichochanganyika na udongo mgumu mwekundu. Udongo ule ulikuwa wa zamani, wa barabara za dalali, ulikuwa umekibana kipira nusu. Silikoni ilikuwa mpya, na sote wawili tulijua ni ya nani.

"Alhamdulillahi," akasema, akijipangusa. "Sasa tumebata."

Alisema tumepata. Yeye na mimi. Nilikuwa na maneno mengi tayari, ya Kiswahili sanifu na ya Kisomali kisicho sanifu, lakini nilimtazama amelowa hivyo, ndevu zinachuruzika maji, na kilichonitoka ni kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. Nikaondoka bila kumuaga. Njiani nilisimama makusudi, nikaacha injini inaunguruma, nikashuka kutazama. Tone likaanguka mchangani, kisha la pili.

Niliosha bati, nikaliosha tena, nikamwagia maji safi kwa namna Hooyo anayotaka, mara tatu, akiwa anatazama kutoka barazani. Kapeti niliifua ikakauka hadi ikawa ngumu. Nikamletea kikombe cha yale maji na kumweleza yanakotoka. Akayatazama, akayanusa, akakubali kwamba ni maji kama maji mengine. Nikasema basi, kesho alfajiri. Akasema kesho kutwa ni Ijumaa, tusubiri Ijumaa ipite. Ijumaa ikapita. Akasema kuna mbuzi wake mmoja anakaribia kuzaa. Yule mbuzi akazaa, akazaa vizuri, mapacha. Akasema bado ndani kuna harufu.

Hapo uvumilivu ulinishinda. Nilisimama mlangoni kwake, nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama yangu.

"Hooyo, unangoja afe ndipo uende?"

Alikuwa na tasbihi mkononi, na vidole vyake vikasimama. Mawingu yalikuwa yameanza kuonekana upande wa pwani, madogo, ya kutisha kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikaenda kulala bila kuomba radhi, na sikupata usingizi.

Alfajiri nilipotoka kuswali nilimkuta ameshakaa ndani ya gari, kiti cha mbele, mkanda amejifunga, kibeti mapajani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Tukaondoka bila chai. Tulipita Bura, vizuizi na vitambulisho, mchanga na mchanga tena, na baadaye miti ya karibu na mto. Kiyoyozi kilipuliza, kapeti ilikuwa kavu, na mimi nilikuwa nikiitazama kila mara kama mtu anayemchunga mwizi. Nilitaka aitaje. Nilitaka aseme tu, hata kwa neno moja, kwamba pako pakavu. Hakusema. Tuliposimama kuswali adhuhuri karibu na Masalani alishuka, akachukua birika, akatia udhu, akaswali. Hakuutazama upindo wa dera lake hata mara moja. Baada ya yote yale, silikoni na fundi na kicheko cha walimu wenzangu, hakuinama kuutazama. Niliona, na nilinuna hadi tukavuka Ijara.

Tulifika Hulugho alasiri. Wakati wote wa njiani nilikuwa nimejitayarishia maelezo, maana nilijua tutaulizwa tulikuwa wapi, na mimi ndiye mwenye gari, na sikutaka kubeba lawama ya Hooyo. Ningesimulia kila kitu, kipira, udongo, matone. Habaryar alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba chini ya upenu wa nyumba yake, upande wa kivuli. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, na sasa shuka lilikuwa limelala juu yake kana kwamba hakuna kitu chini. Lakini macho yalikuwa yake yale yale. Alimtazama Hooyo akija uwanjani, hatua kwa hatua, mpaka akafika kitandani.

"Umechelewa," akamwambia.

Nikafungua mdomo. Hooyo aliinua mkono kidogo, bila kugeuka, nami nikaufunga.

"Niliogopa," Hooyo akasema. "Sikutaka kukuona hivi. Kila siku nilitafuta sababu."

Nilisimama pale na ufunguo wa gari mkononi. Niliikumbuka nailoni aliyoikataa, kiti cha nyuma, gari la binamu, yule mbuzi wa mapacha, na hasira niliyotoka nayo Garissa ikakosa mtu wa kumwangukia. Nilikuwa nimelichunguza gari lile hadi chini ya tumbo lake, na mama yangu aliyekuwa chumba cha pili sikumuuliza kitu.

Habaryar akajisogeza, na kule kujisogeza kulimchukua nguvu nyingi hivi kwamba mwanawe aliruka kumsaidia naye akamfukuza kwa kichwa. Alikuwa anaacha nafasi kitandani.

"Hata mimi naogopa, abaayo, mdogo wangu," akasema. "Njoo hapa."

Hooyo akapanda kama alivyo, na jilbabu yake na vumbi la safari, akalala ubavuni mwa dada yake, mabega yakaanza kutikisika. Na yule mgonjwa, kwa mkono uliokuwa umebaki mfupa mtupu, ndiye aliyekuwa akimpapasa mwenzake mgongoni, akimwambia basi, basi.